Diski Kuu Inapokufa: Kutambua Hitilafu na Kuokoa Data za Kompyuta Mpakato

Diski kuu ya kompyuta mpakato huweza kufa kwa sekunde moja, au ikadhoofika kwa wiki nyingi kabla ya kukata roho. Kwa vyovyote vile, hatima ya picha, hesabu za biashara na tasnifu zilizomo hutegemea sana mambo yanayofanywa baada ya dalili ya kwanza. Data ambazo zingeweza kuokoka hupotea pale mwenye kompyuta, au fundi mwenye haraka, anapotengeneza kifaa kabla ya kutoa kilichomo. Kanuni inayoongoza kazi yote ni fupi: data kwanza, kifaa baadaye. Diski mpya hununuliwa dukani, lakini barua, picha na rekodi zilizopotea hazina duka.

Kilichomo ndani ya diski

Diski za sumaku zilianza kuuzwa mwaka 1956, IBM ilipotoa mashine ya RAMAC iliyokuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya kompyuta mpakato, ile ya inchi 2.5, huingia kiganjani na hubeba maelfu kwa maelfu ya uwezo huo, lakini msingi wake haujabadilika. Sahani ya kioo au alumini iliyopakwa utando wa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo kilicho kwenye ncha ya mkono hupita juu yake kikisoma na kuandika.

Sahani nyingi za aina hii huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kwenye ukingo, uso wa sahani hupita chini ya kichwa kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa. Kichwa hakiigusi sahani. Huelea juu ya utando wa hewa wenye kimo cha nanomita chache, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kukiyumbisha. Kichwa kikiigusa sahani, hukwangua utando wenye data, vumbi la mkwaruzo huo husambaa ndani ya kasha, na kila mzunguko unaofuata huongeza uharibifu.

Ndiyo maana kuinyanyua au kuigonga kompyuta inayofanya kazi ni hatari kuliko kuibeba ikiwa imezimwa. Diski za kisasa za mpakato huegesha vichwa nje ya sahani zinapozimwa, na tangu mwaka 2003 baadhi ya kompyuta, zikianzia na ThinkPad za IBM, zimekuwa na kihisio kinachoegesha vichwa mara kinapohisi mtikisiko. Kinga hiyo hupunguza hatari bila kuiondoa.

Aina nne za hitilafu

Aina ya kwanza ni hitilafu ya mpangilio. Diski ni nzima, ila orodha inayoonyesha faili zilipo imevurugika, mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika wakati wa kuandika, betri chakavu ilizima ghafla, au mtu alifomati kwa bahati mbaya. Dalili zake ni folda tupu, au ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa. Sauti ya diski hubaki ya kawaida.

Aina ya pili ni sekta mbovu. Sekta ni kipande kidogo kabisa cha sahani kinachosomwa kwa mara moja, cha baiti 512 katika diski za zamani na 4,096 katika nyingi za sasa. Sekta isiposomeka, diski hairudishi kosa papo hapo: huirudia tena na tena, pengine kwa sekunde kadhaa. Kwa mtumiaji, hali hiyo huonekana kama kompyuta kuganda. Faili moja hufunguka upesi na nyingine huchukua dakika nzima, Windows huwaka baada ya muda mrefu, na skrini ya bluu hujitokeza mara kwa mara. Watu wengi hudhani ni virusi, wakampelekea fundi apige Windows upya. Hapo ndipo data huanza kupotea, kwa kuwa kupiga Windows ni kuandika gigabaiti kadhaa juu ya diski mgonjwa, mahali penye faili za mwenyewe.

Aina ya tatu ni ya kimitambo: vichwa vimevunjika au vimechakaa, au mota imekwama. Aina hii hutambulika kwa sikio. Mlio wa tak-tak-tak unaojirudia kwa vipindi sawa ni mkono unaotafuta alama za mwelekeo kwenye sahani, ukikosa, ukirudi ulikotoka na kuanza tena. Mlio mwembamba wa bip-bip mara nyingi ni mota inayojaribu kuzungusha sahani huku vichwa vimeing'ang'ania. Sauti ya kukwaruza ni kichwa kinachogusa sahani. Milio hiyo mitatu ina jibu moja: kuzima mara moja, na kutowasha tena kwa ajili ya kujaribu.

Aina ya nne ni ya umeme. Diski iko kimya kabisa, haizunguki wala haitetemeki, kwa sababu bodi yake ndogo imeungua. Kompyuta isiyo na betri inayofanya kazi, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye umeme unaopanda na kushuka, iko katika hatari zaidi ya hitilafu hii na ile ya kwanza.

Uchunguzi kwa mpangilio

Uchunguzi mzuri huanza na mambo yasiyoigusa data. Kwanza ni kusikiliza: sikio huwekwa karibu na upande diski ilipo, kompyuta inapowashwa mara moja tu. Pili ni kuingia katika BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, na kutazama kama jina la diski na ukubwa wake vinaonekana sawasawa. Diski ya gigabaiti 500 inayojitambulisha kwa ukubwa wa sifuri, au kwa jina lisiloeleweka, ina hitilafu ya ndani ambayo programu haiwezi kuitibu. Diski isiyoonekana kabisa yaweza kuwa imekufa, lakini pia yaweza kuwa nzima ikisumbuliwa na kebo.

Kwa hiyo hatua ya tatu ni kuondoa shaka juu ya kebo. Kompyuta huzimwa, chaja huchomolewa, betri hutolewa ikiwa inatoka, na diski huchomolewa kwenye soketi yake. Katika miundo mingi kazi hiyo ni ya bisibisi ndogo na skrubu chache upande wa chini. Diski huunganishwa na kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ikisomeka huko bila tatizo, kosa liko kwenye kebo, soketi au bodi mama. Windows ikiuliza kama diski hiyo ifomatiwe au ianzishwe upya, jibu ni hapana. Ni salama zaidi kutumia flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, kwa sababu Windows hupenda kujikarabatia diski yenyewe mara tu inapoiona.

Hatua ya nne ni kusoma kumbukumbu za diski yenyewe. Diski zina mfumo uitwao SMART, ambao huhesabu makosa tangu siku ya kwanza ya matumizi. Katika Windows husomwa kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo, na katika Linux kwa amri ya smartctl. Mistari ni mingi, lakini minne ndiyo yenye uzito. Namba 5 huhesabu sekta zilizoharibika na nafasi yake kuchukuliwa na sekta za akiba. Namba 197 huhesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Namba 198 huhesabu zile zilizoshindikana wakati wa ukaguzi. Namba 199 ni ya makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta. Ikipanda huku nyingine zikibaki sifuri, kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Namba hizo zahitaji kusomwa kwa makini. CrystalDiskInfo, isipobadilishwa mpangilio, huonyesha hesabu ghafi kwa mfumo wa kumi na sita. Mstari wa 197 ukiwa na tarakimu 18 mwishoni, maana yake si sekta 18 bali 24, yaani 16 jumlisha 8. Tena, neno la jumla kwamba diski imefaulu lisimtulize mtu, kwani mtengenezaji huweka kizingiti kiasi kwamba diski huweza kuwa na sekta kadhaa zisizosomeka na bado ikahesabiwa kuwa imefaulu. Kinachotazamwa ni namba 5, 197 na 198 zilizotoka kwenye sifuri, hasa zikiongezeka kati ya usomaji mmoja na mwingine.

Uzito wa dalili hizo ulipimwa na watafiti wa Google katika ripoti ya mwaka 2007 iliyohusu diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa kama hilo. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili: zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote ya kosa katika SMART, ukiacha joto. Kwa hiyo SMART ikisema diski ni mgonjwa, iaminiwe. Ikisema ni nzima, hilo halitoshi kuwa ushahidi.

Kuokoa data

Diski inayoonekana na yenye sauti ya kawaida, hata ikiwa na sekta mbovu, mara nyingi huokolewa nyumbani au kwa fundi makini. Lengo ni kuisoma mara moja, kwa utulivu, na kuweka kila kinachosomeka kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Hiyo huitwa nakala pacha: sekta kwa sekta, bila kujali faili. Kazi zote za kutafuta na kukarabati hufanywa baadaye juu ya nakala hiyo, na diski ya asili huwekwa kando. Faili zikiwa chache na za lazima, kama tasnifu au daftari la wadeni, ni busara kuzinakili hizo kwanza ikiwa bado zinafunguka.

Chombo kinachoaminika zaidi kwa kazi hiyo ni GNU ddrescue, programu ya bure ya Linux. Ubora wake uko katika namna inavyokwepa ubishi na diski. Kunakili kwa kawaida hukwama kwenye sekta mbovu ya kwanza na kumchosha mgonjwa palepale. ddrescue huruka eneo gumu, ikakusanya kwanza maeneo yote mepesi, kisha hurudi kidogo kidogo kwenye yaliyobaki. Amri ya awamu ya kwanza huandikwa hivi:

ddrescue -d -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

Jina la kwanza ni diski mgonjwa, la pili ni diski inayopokea, na la tatu ni faili ya ramani inayoandika kila eneo lililosomwa na lililoshindikana. Mpangilio huo hauna msamaha: majina yakibadilishana nafasi, utupu wa diski mpya utaandikwa juu ya data zinazotafutwa. Kabla ya kubonyeza kitufe, amri ya lsblk hutumiwa kutambua kila diski kwa ukubwa, muundo na namba yake ya utambulisho, na inafaa mtu wa pili athibitishe. Mfumo ukikataa kuandika juu ya diski nzima, chaguo la -f huongezwa, baada tu ya uhakiki huo. Awamu ya kwanza ikimalizika, amri hurudiwa bila -n ili yale magumu yajaribiwe, na mwisho kwa -r3 ili kila sekta iliyobaki ijaribiwe mara tatu zaidi.

Faili ya ramani ndiyo kinga dhidi ya umeme kukatika. Kazi ikikatizwa, amri ile ile huendelea pale ilipoishia bila kuisumbua diski upya. Hata hivyo ramani lazima ihifadhiwe kwenye flashi au diski ya tatu, kwa sababu Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida huweka faili zake katika kumbukumbu ya muda, nayo hufutika kompyuta inapozimika. Diski mgonjwa huwekwa mezani ikiwa tulivu, mahali penye hewa, na feni ndogo ikielekezwa kwake. Mlio wa tak-tak ukianza katikati ya kazi, kazi husimamishwa.

Nakala pacha ikipatikana, faili husomwa kutoka humo. Orodha ya faili ikiwa imevurugika, TestDisk huweza kuijenga upya, na mwenzake PhotoRec hutafuta picha na hati kwa kutambua mwanzo wa kila aina ya faili, ingawa majina na folda za awali hupotea. Amri ya chkdsk ya Windows ina nafasi yake kwenye nakala pacha peke yake. Kazi yake ni kuufanya mpangilio wa diski uwe sahihi, si kuokoa faili, na katika kufanya hivyo huweza kufuta vipande visivyolingana. Juu ya diski yenye sekta mbovu, chkdsk huongeza madhara.

Mambo ya kuepuka

Kuna tiba zinazosimuliwa sana ambazo huharibu zaidi. Kuiweka diski kwenye friza hukaribisha umande juu ya sahani mara inapotolewa, jambo la hakika katika hewa yenye unyevu ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Kuigongagonga ili mota izunguke huweza kuvunja vichwa vilivyokuwa salama. Kufungua kifuniko katika chumba cha kawaida huingiza vumbi; kazi hiyo hufanywa katika vyumba maalumu ambamo hewa huchujwa hadi kiwango cha ISO 5. Tundu dogo lililo juu ya kasha ni la hewa, lina chujio lake ndani, na halizibwi.

Kubadilisha bodi iliyoungua kwa bodi ya diski nyingine ya aina ile ile nako hakutoshi katika diski za sasa. Kila diski hupimwa kiwandani, na vipimo vya vichwa vyake huhifadhiwa katika chipu ndogo iliyo kwenye bodi yake. Bodi ngeni bila chipu hiyo haijui kuviongoza vichwa hivyo. Fundi mwenye mashine ya kulehemu chipu huihamisha kutoka bodi ya zamani. Asiye nayo hana la kufanya. Kwa hitilafu za kimitambo, mahali pake ni kwa wataalamu wa kuokoa data, na mwenye diski anapaswa kujiuliza thamani ya kilichomo kabla ya gharama. Akiamua kupeleka, apeleke diski isiyojaribiwa mara nyingi, kwani nafasi ya wataalamu hupungua kwa kila jaribio.

Diski za chipu

Kompyuta nyingi mpya hazina sahani kabisa. Diski zake, zijulikanazo kama SSD, huhifadhi data katika seli za umeme ndani ya chipu. Hazina mlio wa kuonya. Nyingine hujifunga zisiandikike huku bado zikisomeka, hali ambayo ni fursa ya kunakili kila kitu upesi. Nyingine hutoweka ghafla kwa sababu kidhibiti chake kimekufa. Faili iliyofutwa kwenye SSD ni ngumu kurudisha kuliko iliyofutwa kwenye sahani, kwa sababu mfumo endeshi huiarifu diski kupitia amri ya TRIM kwamba nafasi hiyo haihitajiki, nayo huisafisha. Kwa sababu hiyo, mtu aliyefuta faili kwa makosa azime kompyuta bila kuchelewa.

Seli hizo pia huvuja chaji zisipopata umeme. Kiwango cha JEDEC kinadai SSD ya matumizi ya kawaida iliyomaliza uhai wake wa kuandikwa itunze data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30, na joto la juu zaidi hufupisha muda huo. SSD iliyochakaa si mahali pa kuhifadhi kumbukumbu kabatini.

Jambo jingine linaloambatana na kompyuta mpya ni usimbaji fiche. Windows yenye BitLocker hufunga diski kwa ufunguo, na diski ikihamishiwa kompyuta nyingine huomba ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila huo, hata nakala pacha iliyo kamili haifunguki, kwa hiyo utafutwe na kuandikwa mahali salama wakati kompyuta bado ni nzima.

Kuweka diski mpya na kuaga ya zamani

Data zikishakuwa salama, ndipo kifaa hutengenezwa. Diski ya inchi 2.5 hupimwa unene, kwani nyingine ni za milimita 7 na nyingine 9.5, na kompyuta nyembamba haipokei ile nene. Kompyuta zenye nafasi ya M.2 huhitaji kuangaliwa kama zinakubali SATA au NVMe, maana kadi hizo hufanana kwa umbo na hazibadilishani. Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya sahani, kuweka SSD ya SATA ndiyo nafuu kubwa kuliko zote: kasi ya kusoma hupanda kutoka megabaiti 100 hivi kwa sekunde hadi takriban 500.

Sokoni zimo SSD na flashi bandia zinazodanganya ukubwa wake. Hukubali kupokea faili, kisha huandika mpya juu ya zilizotangulia. Programu za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza diski nzima na kuisoma tena, zikaonyesha uwezo halisi. Kipimo hicho hufanywa kabla ya kuweka faili ya kwanza, na dhamana ya muuzaji ikiwa bado hai.

Diski ya zamani haitupwi hivi hivi. Sekta nyingi za diski iliyokufa bado zina majina, namba za simu na akaunti za watu. Kwa ofisi, shule na zahanati hilo ni suala la kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski inayozunguka huandikwa sifuri juu yake yote. Isiyozunguka hutobolewa sahani zake, macho yakiwa yamekingwa, kwa kuwa sahani za kioo hupasuka vipande vikali.

Nakala ndiyo tiba

Juhudi zote zilizoelezwa hapo juu ni za siku ambayo nakala haipo. Mpiga picha Peter Krogh aliupa utunzaji wa data kanuni inayofuatwa hadi leo: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae mahali pengine mbali na nyumba au ofisi. Kwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo, hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje inayochomekwa kila wiki na kuchomolewa kazi ikiisha, na akaunti ya kuhifadhi mtandaoni kwa faili muhimu. Diski inayobaki imechomekwa siku zote hupigwa na umeme ule ule na virusi wale wale.

Nakala isiyowahi kujaribiwa nayo haiaminiki. Mwaka 1998, amri moja ya kufuta iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 katika kompyuta za Pixar, na nakala za studio zikagundulika kuwa na kasoro. Filamu iliokolewa kwa nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Kila baada ya miezi michache, faili kadhaa zichukuliwe kutoka kwenye diski ya nakala na zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Zikifunguka na kusomeka, nakala ni nzima. Zisipofunguka, kasoro imeonekana wakati diski kuu bado inafanya kazi na nakala nyingine bado inaweza kutengenezwa.